Sofa ya Wageni wa Kufikiri

Mimi na mwalimu mkuu wa shule ya binti yangu hatupendani, na sioni faida ya kuficha jambo ambalo hata kunguru wa mtaa wetu wa Pasiansi, hapa Mwanza, wanalijua. Tukikutana barabarani namwamkia, maana kanizidi umri na mama yangu alinilea vizuri. "Shikamoo, mwalimu." Naye huitikia "marahaba" kama mtu anayetema mwiba wa sato. Tunapita. Chanzo chake ni sofa.

Mimi ni fundi sofa, karakana yangu iko Mirongo. Shule nimeisoma jioni, baada ya kazi, nikiwa mtu mzima mwenye mke. Siku ya kwanza dawati lilinibana hadi wakataka kulikata kwa msumeno, na mwalimu wetu alikuwa kijana ambaye ningeweza kumzaa na chenji ikabaki. Kabla ya hapo sikujua kusoma hata jina la boti. Niliwahi kupanda boti nikiamini inakwenda Nansio, kwenye msiba wa baba mkubwa, nikashukia kisiwa ambacho hata samaki wake hawakunitambua. Nikazika mtu nisiyemjua, nikalia kweli, na ubwabwa nikala. Leo cheti changu nimekitundika juu ya cherehani, na mteja asiyekisoma simpunguzii bei.

Kwa hiyo shule ya watoto wetu ilipopata wabia, nilipiga makofi hadi viganja vikavimba. Ilikuwa shule moja ya ng'ambo pamoja na chuo kimoja cha hapa nchini. Walileta vitabu vya hadithi, wakawafundisha walimu namna mpya: mtoto asikariri, afikiri. Mwalimu aulize "kwa nini?", mtoto ajibu "nafikiri hivi, kwa sababu..." Na asiyejua kusoma atafutiwe muda wake wa kufundishwa taratibu. Hilo la mwisho ndilo lililonigusa. Binti yangu alikuwa darasa la nne, na kitabu alikishika kama anavyoshika sufuria ya moto.

Kisha zikaja habari kwamba wabia watakuja kujionea. Hapo shule ikafanya kile ambacho shule zetu hukifanya wageni wakitajwa. Mawe yakapakwa chokaa, miti ikapakwa chokaa, mbuzi wa jirani akaponea chupuchupu. Na kufikiri kukafanyiwa mazoezi. Sitanii. Mtoto wa nyumba ya pili alipangiwa kupinga, basi jioni nzima anapinga uani: "Mimi nafikiri tofauti na mwenzangu, kwa sababu..." Mwenzake alipangiwa kukubali. Wa tatu alipangiwa kubadilisha mawazo, na alipaswa kuyabadilisha mwalimu akikohoa.

"Na wewe mama, umepangiwa nini?" nilimuuliza binti yangu.

"Mimi nimechaguliwa kundi la usafi."

Nikajisifu karakana nzima. Mwanangu kachaguliwa! Niliwaambia wateja kwamba ufukwe wa Mwanza wote uko mikononi mwake.

Mwalimu mkuu naye akanipigia simu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule, na wageni, alisema, hawawezi kukalishwa kwenye viti vya plastiki. Aliitaka sofa yangu ya rangi ya damu ya mzee, ile ambayo ng'ombe wawili wanalala na nafasi ya ndama inabaki. Nikakubali. Asubuhi ya siku hiyo tukaipakia kwenye guta la magurudumu matatu, nami nikakaa juu yake kama mtemi anayerudi kutoka vitani, dereva akiniapiza kila kilima.

Karibu na ziwa tukakutana na mstari wa watoto wenye fagio za chelewa, na mwalimu wa zamu nyuma yao. Binti yangu akanipungia mkono.

"Mwalimu, wageni wanafika sasa hivi. Mbona mnawapa mgongo?"

"Usafi wa mazingira, mzee."

"Usafi gani usioweza kungoja kesho?"

Akatazama kushoto, akatazama kulia, akasogea kwenye gurudumu la guta. "Agizo la mkuu. Hawa ndio wale... kusoma bado. Watarudi wageni wakishaondoka."

Nilishuka kwenye sofa bila kukumbuka kwamba iko juu ya guta. Goti linanikumbusha hadi leo.

Nilitaka kuwachukua watoto wote. Mwalimu wa zamu akakataa. "Huyo ni wako, mchukue. Hawa wengine nitajibu nini kwa wazazi wao?" Basi nikampandisha wangu, naye analia kwa hasira: "Baba, niache! Wenzangu wananiona!" Tukaenda hivyo hadi getini, yeye kanipa kisogo.

Mwalimu mkuu alikuwa kavaa suti ya kijivu. Alimwona mtoto kabla hajaniona mimi.

"Sofa ishushwe pale mbele," akasema. "Mtoto arudi kwa wenzake."

"Haishuki."

"Ndugu mzazi, usiniletee mambo ya karakana hapa."

"Mwalimu, hao watu wanakuja kuwasaidia wasiojua kusoma. Wasiojua kusoma umewapeleka ziwani. Wataona nini, suti yako?"

Akashusha sauti, na hapo ndipo alipokuwa mbaya zaidi. "Wakiwaona hawa watasema hatujafanya kazi. Watafunga mradi, vitabu vitakwenda shule nyingine. Wewe uliyesomea gizani utanifundisha kuendesha shule?"

"Ndiyo. Nilipata mazoea ya kutafuta vilivyofichwa."

Wajumbe wenzangu wa kamati wakaanza kunizomea. Mama mmoja akaniita adui wa maendeleo. Mwingine akasema ninaringia sofa. Nilikuwa nairingia kweli! Nikakaa juu yake, nikakunja nne, nikamwambia mwalimu kwamba sofa hii haikaliwi na mgeni mpaka binti yangu akae darasani. Honi ya gari ikasikika kwenye kona. Mwalimu mkuu akavitazama viti vyake vya plastiki, kimoja kilikuwa na mguu uliofungwa kamba.

"Aingie," akasema. "Akae nyuma. Asiongee."

Sofa ikaingizwa mbele ya darasa, wageni wakazama ndani yake, na somo likaenda kama saa ya ukutani. Mpinzani akapinga. Mkubalifu akakubali. Mwalimu akakohoa, mtoto akabadilisha mawazo, wageni wakaandika. Nilikuwa dirishani nikisaga meno, maana nilianza kuona kwamba binti yangu angekaa pale kama kabati tu, na kesho wangemrudisha kwenye fagio.

Ndipo mgeni mmoja, mama mwenye Kiswahili cha kujifunza, akainuka kwenye sofa, kwa shida, maana sofa yangu haimwachii mtu hivihivi. Akaenda nyuma kabisa, akachuchumaa, akafungua kitabu.

"Unisomee hapa, tafadhali."

"Sijui kusoma," akasema binti yangu.

Mwalimu akakohoa. Yule wa kubadilisha mawazo akasimama tena, maskini.

"Uko peke yako?"

"Tuko wengi. Wenzangu wako ziwani wanafagia."

"Kwa nini?"

Binti yangu akafikiri. Naapa nilimwona akifikiri, na hakuna aliyempangia. "Nafikiri kwa sababu nyinyi mmekuja."

Yule mama akafunga kitabu, akauliza njia ya kwenda ziwani.

Mradi haukufungwa. Wabia walisema wanataka kukutana na watoto wa ziwani, wakafuatwa, wakaja na fagio zao. Tangu hapo kuna saa ya kusoma mchana kwa ajili yao, na vitabu vimetoka kwenye kabati la ofisini. Msidhani nilishukuriwa. Kamati ilinitoa, kwa kura zote ukiondoa yangu. Sofa ilirudishwa imechanwa mgongoni, na kila mtu akasema ni msumari. Binti yangu hakunisemesha muda mrefu, maana shule nzima ilimwita "Mmekuja". Alikuwa akinipa chakula kwa kukisukuma mezani.

Hivi majuzi wabia wametangaza kurudi. Mwalimu mkuu hakunipigia simu. Alimtuma mwalimu wa zamu karakanani. Kijana akasimama mbele ya sofa, nimeishona upya, akainama kusoma. Mgongoni palikuwa na kipande cha boksi ambacho hata mimi sikuwa nimekiona, kimeandikwa kwa mkaa, herufi kubwa zilizopinda, kila moja imebonyezwa kwa nguvu:

HAIAZIMISHWI. KAENI NYUMA NA SISI.

"Nani kaandika?" akaniuliza.

Binti yangu alikuwa kwenye kigoda, anakata sponji. Hakuinua kichwa.

"Mimi," akasema. "Kamsomee mkuu."