Magunia Yaliyonuka Dagaa

Siku yangu ya kwanza kazini nilitolewa nje kabla ya saa tatu asubuhi. Nilikuwa nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi na mama, nimepita barazani kwetu Kasingirima kama kawaida, nimekunywa vikombe viwili vya kahawa ya tangawizi na kashata moja, kisha nikaenda kuripoti kwenye ghala la kahawa mjini Kigoma. Mkuu wa Ghala, mzee mwembamba aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine, alinisogelea, akanusa, akarudi nyuma.

"Umekula nini wewe?"

"Nimekunywa kahawa, Mzee. Nilidhani ndiyo kazi yenyewe."

"Umekunywa tangawizi. Nenda ukasukutue, urudi saa tano. Na kesho ukija na harufu ya kitunguu, hicho kizingiti usikivuke."

Nilikuwa nimeajiriwa kuwa mwonjaji, na sikujua mwonjaji ni nani. Basi nyie vijana mnaokoroga kahawa ya kopo na maziwa mpaka inafanana na uji, sikilizeni. Kahawa ikifika ghalani, sampuli ya kila shehena inakaangwa, inasagwa, inawekwa kwenye vikombe na kumwagiwa maji ya moto. Unasubiri utando wa juu ushikane, unauvunja kwa kijiko huku pua yako iko karibu kabisa na kikombe, halafu unavuta kijiko kimoja mdomoni kwa nguvu ili kahawa itawanyike ulimi mzima. Ukishaijua ladha, unatema kwenye ndoo na kuandika daraja.

Hapo kwenye kuvuta ndipo nilipopata shida. Mama alinilea kwamba mtu anayefyonza chai kwa sauti hana adabu. Sasa namwona Mkuu wa Ghala, mtu mzima na miwani yake, anavuta kijiko kwa kishindo kama bomba la maji linalokohoa. Mimi nikanywa polepole, kistaarabu.

"Vuta!" akafoka. "Nataka nikusikie nikiwa nje barabarani!"

Niliizoea adabu hiyo mpya baada ya mwezi mzima. Nilipooa na kupata watoto, nikaenda nayo nyumbani bila kujua, na mke wangu akanihamishia kwenye meza ya watoto.

Nilikaa ghalani miaka mingi, nikapelekwa kituo cha kupokea kahawa Mwandiga, nikarudishwa mjini. Wakuu walikuja na kuondoka. Kulikuwa na Meneja aliyependa mikutano, na mwingine aliyeichukia kahawa yenyewe, anakunywa soda mbele ya wageni. Lakini jambo linalonifanya niandike lilitokea Mwandiga, mwaka ambao Mama Dafroza alileta mavuno ya kwanza ya kikundi chake.

Mama Dafroza alikuwa mwenyekiti wa akina mama kumi na wawili wa huko juu milimani. Waume zao waliwaazima mashamba shingo upande, kwa sharti moja: mavuno ya kwanza yakikataliwa, mibuni inang'olewa, yanapandwa mahindi. Kila mtu alilijua sharti hilo, kwa sababu wanaume wenyewe walilitangaza sokoni.

Gari lilishusha magunia arobaini. Nikachukua sampuli, nikakaanga, nikamwaga maji. Nilipovunja utando, nilidhani kuna mtu amefungua dirisha la jikoni. Nikavuta kijiko. Jamani, ile kahawa ilikuwa na dagaa! Hawakuwa dagaa wa kufikirika, bali dagaa wa Ilagala waliokauka vizuri, mpaka nikatamani ugali.

Nikamwita Mama Dafroza. Akanisalimu, "Mwakeye, Bwana Mwonjaji," akasimama ameshika pindo la kitenge.

"Mama, hii kahawa mlihifadhi wapi?"

"Kwa mdogo wangu, hapa hapa Mwandiga. Chumba kikavu, hakivuji hata tone."

"Mdogo wako anauza nini?"

"Dagaa," akajibu, hana wasiwasi wowote.

Msimcheke. Huku kwetu chumba kikavu ndicho kinachowekwa dagaa, na mkulima anaambiwa kila siku ahifadhi kahawa mahali pakavu. Yeye alitii. Hakuna aliyemwambia kwamba kahawa mbichi inafyonza kila harufu iliyo jirani yake. Na angejuaje? Alikuwa hajawahi kuinywa. Wakulima wetu walivuna kahawa, wakaiuza yote, jioni wakanywa chai.

Meneja wa kituo alikuja mchana, akanusa kikombe, akasonya. "Andika imekataliwa. Shehena nyingine inasubiri."

Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Nikamtazama yule mama kupitia dirishani, ameketi juu ya gunia lake akiwagawia wenzake wa kikundi vikombe vya maji. Nikasema, "Mzee, nipe siku mbili nionje gunia moja moja."

"Magunia arobaini? Kwa ulimi huo mmoja?"

"Ndio huu huu."

"Ukishindwa, nitaandika kwamba ni wewe uliyechelewesha."

Nilionja siku mbili, sikula chumvi wala pilipili, nikila viazi vitupu kama mgonjwa wa hospitali. Kila gunia vikombe vitatu. Jioni ya pili nilikuwa nimepata jibu: magunia kumi na moja yaliyoegemea ukuta wa dagaa yalikuwa yameharibika. Ishirini na tisa yalikuwa safi, tena yenye utamu wa ndimu unaobaki kooni. Nikayaandika daraja la kwanza. Meneja alionja mwenyewe, akaonja tena, akatia sahihi. Mibuni ikapona.

Nilifurahi sana, lakini nilijua mwakani watafanya kosa jingine kama hawataijua kahawa yao. Jumamosi nikapanda baiskeli mpaka kwa Mama Dafroza, nikiwa na vifuko viwili vya kahawa yao, kimoja kutoka magunia ya dagaa, kingine kutoka yale safi. Nikawafundisha njia ya nyumbani ambayo hata leo naipenda kuliko mashine zote: kaanga kwenye chungu kwa moto mdogo, mwiko usipumzike, na usikilize. Kahawa inalia mara mbili, punje zikipasuka. Ikilia mara ya kwanza inaanza kuiva, ikikaribia ya pili iepue, mwaga kwenye ungo, ipepete ipoe. Ilaze mpaka kesho ndipo uitwange. Mimi siku ile nilibeba iliyokwisha kukaangwa na kulala. Maji yachemke kwenye sufuria, epua, tia kahawa, koroga, funika. Mwisho nyunyiza maji baridi kidogo, machicha yanazama yenyewe, huhitaji hata chujio.

Nikaanza na kifuko cha dagaa. Mama Dafroza alionja, akakunja uso.

"Yoo! Hii ni mboga!"

Akina mama walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Kisha nikawapa ile safi. Kicheko kikakatika. Mama Dafroza alishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa hadi mwisho, akatazama shamba lake.

"Tangu nizaliwe nalima kahawa," akasema, "kuinywa ni leo. Kumbe tulikuwa tunawapa watu kitu hiki chote?"

Tangu hapo kila mavuno kikundi kile kilikaanga kidogo na kuinywa kabla gunia halijafungwa. Nikawa naletewa kahawa pamoja na maelezo yake.

Sasa nifike kwenye wiki yangu ya mwisho kazini. Mama Dafroza, sasa bibi mwenye wajukuu, alileta shehena yake ghalani mjini, nikaonja, nikaandika daraja la pili. Akaisoma karatasi, akanirudishia.

"Rudia."

"Nirudie nini?"

"Nimeinywa leo asubuhi. Ndimu ipo. Wewe umeandika haipo."

Nilikasirika, sitaficha. Maisha yangu yote nimeonja, leo nafundishwa na niliyemfundisha! Nikamwita mwonjaji mwenzangu, nikampangia vikombe bila majina. Alipofika kwenye kikombe cha Mama Dafroza akavuta kijiko, akatema. "Hiki kina ndimu," akasema. "Iko wazi kabisa." Nikavuta na mimi tena. Nilisikia moto wa maji tu.

Nikaichana ile karatasi, nikaandika daraja la kwanza. Mama Dafroza alinishika mkono.

"Ulimi wako umetangulia kustaafu, Mzee. Mwambie mwili ufuate."

Tulicheka pamoja, ingawa mimi macho yalilowa, na sikuona haya.

Sasa nipo nyumbani. Kila mavuno ananiletea kopo moja la kahawa mbichi. Nakaanga, nasikiliza inavyolia, natwanga, nachemsha, nakunywa kwa kishindo na hakuna wa kunihamisha meza. Nikitaka kujua ina ladha gani, nampigia simu Mama Dafroza.