Mama mkwe na sakafu yangu ya mninga

Jamani, leo nimelia bafuni kwa sababu ya sakafu.

Sebule yetu ni ya mbao za mninga, nyumba ya zamani, imejaa nta nyekundu ya miaka na miaka. Wiki nzima nimeisugua kwa msasa, vumbi mpaka kwenye nyusi, ili nipake vanishi.

Leo asubuhi ubao wenyewe ukatokea. Mzuri, we acha tu!

Nikaenda stendi ya Msamvu kupokea vanishi iliyokuja na basi kutoka Dar.

Narudi, namkuta mama mkwe, mgeni wetu kutoka Matombo, kapiga magoti sebuleni. Mkononi kitambaa. Pembeni kopo la nta nyekundu, karibu tupu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeona sakafu imepauka, na wewe kutwa unahangaika peke yako. Nikasema nikusaidie."

Vanishi haishiki juu ya nta. Ni kuanza upya.

Hapo ndipo nilipokimbilia bafuni.

Nilipotoka, alikuwa kajishika kiuno, anahema, kabakiza kona moja. Na huyu mama magoti yanamsumbua, hata kuswali anakaa kwenye kiti.

"Pumzika mama, hapo namalizia mimi."

Nikapiga magoti. Nikapaka nta kwenye ubao wangu mwenyewe, nikaung'arisha.

Mume wangu karudi, kasimama mlangoni: "Si ulisema unaitoa hiyo nyekundu?"

Wapendwa, nimjibu nini, na mama yake anatabasamu pale kwenye kochi?