Jani la Msamaha Halikuwa la Baba

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo bado naikumbuka mpaka harufu yake: petroli, jasho la vijana na vumbi la kiangazi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri kwenda chuo cha ualimu, na nilikuwa na maringo kidogo, usinicheke. Nilikuwa natoka mazoezi ya kwaya, huko kwetu Meru mlimani, jua bado likiwa juu. Mahali mfereji unapokatiza njia ilisimama pikapu, wakashuka vijana ninaowajua kabisa, wakanibeba. Nilipiga kelele. Wanawake waliokuwa wakichota maji waliinua vichwa, wakatazama, wakaendelea kuchota. Hawakuwa na roho mbaya. Kwao kijana alikuwa amejichukulia mke, basi.

Kijana mwenyewe aliitwa Lazaro, mtoto wa jirani yetu. Ilikuwa wakati wa ruksa, biashara zimefunguliwa, na bei ya kahawa imeanguka mpaka wazee wengine wanang'oa mibuni wapande nyanya. Lazaro alikuwa akiuza mitumba mjini, ana pikapu na nyumba ya kupanga Elerai, na kila mzee mwenye binti alimsalimia kwa bashasha. Nilishamwambia simtaki. Mara ya pili nilimwambia mbele ya mama yake, na nadhani hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Huko Elerai alinipokea shangazi yake. Huyo mama sikumchukia, na hata leo simchukii. Alinipikia mtori, ile supu nzito ya ndizi, akakaa nami chumbani, na kila Lazaro aliposogea mlangoni alimfukuza kama anayefukuza kuku. "Kaa huko mpaka wazee wamalize maneno," alimwambia. Kisha akanigeukia kwa upole.

"Kula, mwanangu. Hata mimi nililetwa hivihivi. Utazoea."

"Wewe ulizoea, mama?"

Akaniongezea mtori.

Sasa nikueleze desturi moja, maana bila hiyo hutaelewa kilichofuata. Lipo jani jembamba tunaloliita isale, linapandwa mipakani mwa mashamba. Ukimkosea mtu unampelekea isale, naye akishaletewa hawezi kukataa kusamehe. Ni desturi nzuri sana, naiheshimu mpaka leo. Nimeona ndugu waliotaka kukatana mapanga wakikaa na kunywa pombe ya ndizi pamoja kwa sababu yake. Lakini wajanja walishaiona faida yake. Unambeba binti leo, kesho unampelekea baba yake isale. Baba akilipokea amesamehe, na akishasamehe, binti ameshaolewa. Hapo kinachobaki ni kuzungumza mahari.

Kesho yake asubuhi wazee wa upande wa Lazaro walifika nyumbani, baba mdogo wake akiwa mbele na isale mkononi. Kaka yangu alikuwa ameshakwenda kituo cha polisi, akaambiwa hiyo ni posa, siyo kesi, mkayamalize nyumbani. Kwa hiyo yote yalibaki juu ya baba. Na baba yangu, mwanangu, hakuwa mtu mbaya. Alinisomesha watu wakimcheka. Lakini pale walikuwa wamekaa wazee wa rika lake, majirani zake, watu anaosali nao benchi moja. Mama aliniambia kwamba mkono wa baba ulikuwa umeshaanza kunyooka kulipokea lile jani.

Hapo bibi, mama yake baba, akauliza kutoka kwenye kigoda chake: "Mwanangu, wewe umekosewa nini? Ni wewe uliyebebwa?"

Watu walicheka, halafu wakaacha kucheka.

"Mama, desturi ni desturi," akasema baba mdogo wa Lazaro.

"Naijua tangu wewe hujazaliwa. Isale anapewa aliyekosewa. Aliyekosewa mmemfungia Elerai. Mleteni."

Walibishana, wakanung'unika, mwisho wakakubali. Mchana wakanirudisha kwa pikapu ileile, mimi na yule shangazi yake. Nilikuta ua umejaa. Baba mdogo wa Lazaro akaja mbele yangu, mzee mzima mwenye mvi, akainama na kuninyooshea isale. Alikuwa hajawahi kumpa mtoto wa kike jani hilo. Mimi nilikuwa na hasira, nikataka kulitupa chini. Nilijua pia nikilipokea nitakuwa nimejiozesha kwa mkono wangu mwenyewe, maana ndivyo tulivyolelewa kuamini.

Bibi alinivuta karibu. "Kusamehe ni neno moja," akaniambia taratibu. "Kuolewa ni neno lingine. Ni wao waliozoea kuyafunga pamoja. Wewe yafungue."

Nikalipokea. Nikasema, "Nimewasamehe. Ila siolewi."

Wazee hawakunitazama mimi, walimtazama baba. Ndiyo dakika niliyoogopa kuliko hata ile ya kubebwa, kwa sababu angetikisa kichwa tu kunipinga, maisha yangu yangeishia pale. Alitazama lile jani mkononi mwangu. Kisha akainua uso.

"Mmesikia," akasema.

Nilienda chuo. Nimefundisha darasa la kwanza mpaka nywele zikawa nyeupe, na mume wangu nilimtafuta mwenyewe, mkorofi kidogo lakini wa kwangu. Lazaro naye alioa kwa heshima mwaka uliofuata, tukawa tunasalimiana.

Baba alipokuwa ameshazeeka, siku moja tulikaa tunachambua maharage, akaniambia jambo ambalo sikulitarajia. "Siku ile," akasema, "kabla mama yangu hajafungua mdomo, nilikuwa naomba kimoyomoyo mtu anikataze." Nililia, mwanangu. Miaka yote nilifikiri alikuwa anataka kunitoa. Kumbe alikuwa peke yake katikati ya wenzake, hana kitu cha kushika.

Ndiyo maana nakuandikia. Nasikia watu wanabishana kama serikali ifanye kumwoza mtu kwa nguvu kuwa kosa la jinai. Kijana mmoja hapa Lemara aliniambia, "Shikamoo bibi, lakini serikali isiingie nyumbani kwa watu." Nikamwambia marahaba, kaa chini. Namwelewa. Mimi mwenyewe nisingependa kumwona baba yangu gerezani, na wapo mabinti watakaonyamaza kwa hofu hiyohiyo. Watunga sheria wasilipuuze hilo. Wamwekee binti mahali pa kukimbilia kabla ya kufikiria pingu.

Lakini sheria iwepo. Iwepo ili askari asiseme tena kwamba hiyo ni posa. Iwepo hasa kwa ajili ya baba aliyezungukwa na wenzake, apate kusema, "Ndugu zangu, ningependa, ila nitafungwa." Wacha asingizie serikali! Sisi tunasingizia serikali kwa mambo mengi, na hili moja lingeokoa watu. Mimi nilikuwa na bibi yule. Wasichana wangapi hawana?

Basi shika haya ninayokuachia. Ukiwa na binti, muulize akiwa peke yake, na umuulize tena hata kama nguo za harusi zimeshashonwa. Ukiwa kijana wa kiume, ukiambiwa hapana, nenda nyumbani ukalie, utapona. Desturi zetu zitunze, ila kila mara tazama ni nani anayelipa. Na ukikaa kwenye kikao, ukamwona baba wa watu ananyamaza, usidhani amekubali. Huenda anakuomba wewe useme.

Mungu akupe miaka mingi na mikono isiyokosa kazi. Akupe na nyumba ambayo mtoto akisema hapana, bado anaitwa mezani kula.