Kasoro Iliyoonekana kwa Mtandao Mzito

Nilirudi Kilosa kumuuguza baba, aliyekuwa amevunjika nyonga. Kazi yangu ya kuandika programu niliihamishia sebuleni, mtandao ukiwa mzito kupindukia.

Baba alistaafu akiwa mkaguzi wa reli, na alipenda kutazama picha za treni kwenye kompyuta yangu. Alasiri moja picha ilifunguka nusu ikakwama. Akachoka kusubiri, akaifunga. Kivinjari kizima, ile programu ya kufungulia kurasa za mtandao, kikazimika. Tulipokifungua akarudia vilevile, kikazimika tena. Akaniomba radhi, akidhani ameniharibia mashine.

Siku zilizofuata nilitafuta chanzo, nikakipata. Kivinjari huchukua nafasi kwenye kumbukumbu ya kompyuta ili kuweka picha; picha ikifungwa, huiachia nafasi hiyo itumiwe na kitu kingine. Hiki kilikuwa kinaiachia, kisha kinaendelea kuandika humohumo vipande vya picha vilivyochelewa kufika. Mwizi mwenye ujuzi angeweza kutengeneza ukurasa wa kutumia upenyo huo, akaingia kwenye mashine ya yeyote aliyeufungua.

Sikumtangazia mtu. Niliwaandikia watengenezaji, nikasubiri. Kila asubuhi nikimwamkia, baba aliitikia marahaba kisha akauliza kama wamejibu. Walipojibu, walisema wamejaribu na hawakuona tatizo lolote. Nilivunjika moyo, nikamwambia basi, nimeachana nalo.

"Mtandao wao ukoje?" akauliza.

"Wa kasi sana, baba."

"Sisi ufa wa reli hatukuutafuta tukiwa ndani ya treni. Tulishuka, tukatembea. Waambie nao wapunguze mwendo."

Nikaandika upya, nikawaeleza namna ya kuufanya mtandao wao uwe mzito kama wetu. Safari hii jibu halikukawia: wameiona, ni kasoro ya hatari, wanairekebisha. Walinishukuru. Nilimsomea baba barua pepe ile kwa Kiswahili, akaniomba niirudie.

Toleo jipya lilipotoka, baba alikuwa ameanza kutembea kwa mkongojo. Alizunguka kwa majirani akiwahimiza waliweke kwenye simu zao, na aliyeshindwa alimleta kwangu. Sebule ikajaa watu.

Sasa naishi Mikumi, na kutafuta kasoro za namna hiyo ndiyo kazi yangu. Baba hupanda basi kuja kunisalimia, na kabla hata hajanywa chai hutaka kujua safari hii nimepata nini.