Kifuko Kilichokwama Juu

Kwa miaka tisa kwenye bustani ambako wageni hukwea miti kwa kamba amekuwa akiitwa Shabaha tu. Jina lake la kweli limebaki kwenye kitambulisho. Kila asubuhi, kabla wageni hawajaja kujifurahisha, mama huyu husimama chini ya mti, uzi mwembamba umelala ndani ya ndoo usije ukajifunga. Hubembeza kifuko cha mchanga kilichofungwa kwenye uzi huo mara mbili, akakiachia. Kifuko hupita kwenye panda ya mti, kikashuka upande wa pili. Uzi huvuta kamba nene, na kamba hupandisha watu.

Watu wengine, si yeye. "Nikipata mrushaji mwingine, utapanda, utaongoza wageni," bosi humwambia kila mwaka. Na kila mwaka wanaojaribu huambulia majani, na mmoja alivunja dirisha la ofisi. Shabaha alichoka kutazama soli za viatu vya wenzake. Alichoka mpaka akaona uchungu.

Ijumaa moja akapiga moyo konde: atakosa makusudi, waone mkono umekwisha. Akarusha, akakosa. Akarusha tena, akakosa.

"Mgema akisifiwa..." bosi akaanza, akicheka.

Mara ya tatu akazidisha, kifuko kikanasa juu. Akavuta, akatikisa, wapi! Moyo ukamruka kwa furaha, maana sasa lazima mtu apande kukitoa.

"Nitakifuata mwenyewe," akasema, keshashika mkanda wa kupandia. "Kosa ni langu."

"Ukivunjika mkono huo, nani atarusha?" Bosi akamnyang'anya mkanda, akampa kifuko cha akiba. "Rusha, shemeji yako apande."

Shemeji, mdogo wa mumewe, aliyekuwa na mwaka wa pili tu wa kuongoza wageni, alikuwa tayari amevaa kofia ngumu. Shabaha alitamani kukosa tena. Lakini kando ya panda ile palikuwa na tawi bovu, na kamba ingetua pale, ndugu wa mumewe angeanguka nalo. Akarusha. Kifuko kikapita katikati.

"Mkono huu hauzeeki!" bosi akapiga makofi. "Nani atakubali uache kurusha?"

Shemeji akapanda, akakaa huko juu kidogo, akashuka na kifuko.

"Shemeji, ukiwa kule juu unaona mpaka paa la kwenu."

"Na nguo nilizoanika, umeziona?"

"Wala sikuangalia."

Shabaha akakipokea kifuko, akaanza kurudisha uzi ndani ya ndoo.