Chumvi Niliyoitia Kwenye Ugoro wa Mama Mkwe

Asubuhi ile ya soko bado ninayo kichwani, Mwanangu, ingawa watoto niliowazaa baada yake sasa wana watoto wao. Nilikuwa na mwaka mmoja na nusu tangu niolewe. Mume wangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha saruji kule Hima na alirudi nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hiyo katika nyumba yetu ya Bwera tulibaki wawili, mimi na mama yake.

Mama Kavira alikuwa mtu wa Butembo, upande wa Kongo. Aliuza vitenge karibu na mpaka, alicheka kwa sauti, na kila asubuhi alisali rozari kabla ya chai. Kabla ya rozari alinusa ugoro. Mimi ndiye niliyemtengenezea. Nilikausha majani ya tumbaku juu ya meko, nikayasaga kwenye jiwe, kisha nikachanganya na chumvi ya Katwe, ile ya mawe ya kijivu. Chumvi ndiyo inayoufanya ugoro uwashe na usikauke haraka. Wanawake wenzake sokoni walipoonja, na wao wakaniomba niwatengenezee. Nilijiona fundi.

Basi asubuhi hiyo Mama alianguka sokoni. Kizunguzungu tu, alisema, lakini tulimpeleka kituo cha afya. Muuguzi pale aliitwa Sista Biira, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi. Alimpima mara mbili, akatikisa kichwa. Presha. Alimpa vidonge, kisha akanigeukia mimi: "Chumvi sasa iwe basi. Mwambie anayepika."

"Mimi ndiye ninapika," nikasema.

Nilifanya alivyoniagiza. Maharagwe bila chumvi, sombe ya majani ya muhogo bila chumvi, samaki bila chumvi. Mama alikula huku amekunja uso. "Masika, hii chakula ni ya mugonjwa," alilalamika. Na kwa sababu mdomo wake haukupata ladha, akaanza kuutaka ugoro zaidi. Kopo lililozoea kumaliza wiki likawa linaisha kwa siku tatu. Tena akasema hauwashi. "Ongeza kidogo, mutoto wangu. Hata hii munaninyima?"

Nikaongeza. Nilimwonea huruma, Mwanangu, huo ndio ukweli. Konzi moja ya chumvi ikawa mbili. Sikuona kwamba nilichokitoa kwenye sufuria nilikuwa nakirudisha kwa njia ya pua.

Tulirudi kwa Sista mara ya pili, presha iko juu. Mara ya tatu, iko juu zaidi. Akanitazama machoni. "Masika, unamwekea chumvi?"

"Hapana, Sista. Naapa."

Niliapa nikiwa na uhakika. Lakini nitakuambia jambo ambalo kwa miaka mingi sikumwambia mtu: palepale nilipoapa, ugoro ulinipita akilini. Ulipita upesi, nami nikauacha upite. Nilijiambia ameuliza habari ya chakula.

Wifi yangu Kahindo alikuwapo siku hiyo. Tulipofika nyumbani akaniambia mbele ya majirani kwamba namuua mama yake polepole ili nibaki peke yangu na nyumba. Nililia sana. Nililia kama mtu aliyeonewa, na karibu nusu ya kilio hicho kilikuwa cha kweli.

Haikupita wiki mbili. Mama aliamka, akachukua kikombe cha chai, kikamponyoka. Akakitazama pale chini kama kitu cha mtu mwingine. Alipotaka kusema, mdomo ulivutwa upande mmoja na maneno yakatoka yamevunjika. Tulimbeba kwa gari la jirani, mimi na Kahindo tumemshika huku na huku, na njiani damu ikaanza kumtoka puani.

Sista Biira ndiye aliyetupokea. Alipokuwa akimlegeza kitenge kiunoni, kopo la ugoro likaanguka. Akalifungua, akanusa kwa mbali, kisha akaweka chembe kwenye ulimi na kutema.

"Hii iko chumvi tupu. Nani ilitengeneza?"

Kahindo alidhani limenunuliwa sokoni. Alifungua hata mdomo kusema hivyo. Ningeweza kumwacha aseme. Mama mwenyewe hakuwa na uwezo wa kusema lolote. Nikajibu, "Ni mimi."

Sista hakunifokea. Alimaliza kumhudumia mgonjwa kwanza, akanawa mikono, ndipo akanijia. "Mimi nilikuuliza juu ya mutu," akasema, "wewe ukanijibu juu ya sufuria."

Halafu akanieleza, polepole. Unga unaoingia puani hauishii puani. Unateremka kooni na mtu anaumeza, pamoja na chumvi yake. Tumbaku yenyewe inabana mishipa ya damu na kuusukuma moyo. Nikamuuliza kama nikitoa chumvi nikaacha tumbaku peke yake itakuwa salama. "Hapana," akasema. "Utakuwa umepunguza ubaya mmoja na kubakiza mwingine."

Mama Kavira hakufa. Aliishi miaka kadhaa, mkono wa kushoto ukiwa dhaifu, maneno yakirudi moja moja. Kuacha ugoro kulimtesa kuliko ugonjwa. Siku nyingine alinitukana mpaka akachoka. Siku moja nikimwogesha nikamwomba msamaha. "Nilijua chumvi iko ndani," akasema. "Ni mimi niliomba. Tulikosa sisi wawili." Kahindo alichelewa zaidi kunisamehe, wala simlaumu.

Wale wanawake wa sokoni niliwafuata mmoja mmoja nikawaambia nilichokuwa nawasagia. Wawili walikwenda kupimwa. Mmoja aliniambia nina wivu, akatafuta msagaji mwingine.

Nakuambia haya, Mwanangu, kwa sababu naona pakiti ndogo za ugoro zinauzwa kuanzia mpakani mpaka Kasese mjini, na mnasema ni afadhali kuliko sigara kwa kuwa hauna moshi. Ndani yake mna chumvi kiasi gani? Hata aliyeusaga hajui. Mimi nilipima kwa kiganja. Kwa hiyo usiuanze. Kama umeuanza, nenda upimwe presha, na useme unanusa hata kama hukuulizwa. Na ukimuuguza mtu, mweleze muuguzi kila kitu kinachoingia mwilini mwa mgonjwa wako, hasa kile unachoona haya kukitaja. Aibu ya dakika moja mbele ya Sista ni nyepesi kuliko kumlisha mzazi kwa kijiko.

Mungu akulindie damu yako na moyo wako, akuzeeshe ukiwa na ulimi mwepesi wa kusema kweli, na hewa inayoshuka kutoka Rwenzori ikutoshe puani siku zako zote.