Unga wa Bibi kwenye Paji Langu

Kila nikisikia harufu ya mtama unaotwangwa, paji langu la uso huniwasha. Msicheke, ndugu zangu, nitawaeleza.

Kwetu, kwenye vilima vya nyuma ya Kikole, Padri alituletea shule, zahanati, kisima, na makatazo yasiyoisha. Tulimheshimu, maana maji ya kisima kile tumeyanywa. Baba alibatizwa ujanani. Bibi, mama yake, alibaki Mwislamu. Nyumbani tulikula Idi na Krismasi bila ugomvi.

Asubuhi ya komunyo yangu ya kwanza, nikiwa na gauni jeupe lililonuka mkaa wa pasi, Bibi alichovya kidole kwenye unga wa mtama akanipaka pajini. Ndivyo wazee wetu walivyombariki mtoto anayeanza jambo kubwa. "Mwacha asili ni mtumwa," alisema, akanisindikiza mpaka kanisani.

Padri alikuwa mlangoni akitupanga mstari. Alipouona ule unga, uso ulimwiva.

"Futa ushenzi huo, la sivyo leo hupokei."

Bibi alishika pindo la kanga yake. "Ngoja nimfute, baba. Mjukuu wangu asikose siku yake kwa ajili yangu."

Nikarudi nyuma asinifikie. Siku ile nilikuwa nimeingoja mwaka mzima, nimekariri sala mpaka kuku wa nyumbani walizijua. Lakini hasira ilinipanda.

"Shikamoo, Padri," nilisema, maana adabu sikuiacha. "Jumatano ya Majivu unatupaka majivu hapa hapa pajini. Kama majivu yako ni ya Mungu, unga wa Bibi ni wa nani?"

Shikamoo yangu haikuitikiwa. Wenzangu wakaingia, mlango ukafungwa. Nilikaa nje na Bibi, gauni jeupe vumbini, tukisikiliza nyimbo kupitia dirishani. Nililia sana, lakini unga sikuufuta. Komunyo niliipata baadaye, kwa padri mwingine.

Miaka yote nilijisifu kwamba siku ile nilimtetea Bibi. Ukubwani ndipo Baba aliponiambia kuwa hata shehe wa kijijini alikuwa akimgombeza Bibi kwa unga uleule, naye hakuwahi kuuacha kwa sababu ya mtu yeyote. Ila asubuhi ile, kwa ajili yangu, alikuwa tayari kuufuta kwa kanga yake mwenyewe.

Mwaka huu binti yangu alipopokea komunyo, nilimpaka unga mpaka kwenye nyusi.